Chupa Ngumu za Serumu na Mikono ya Nesi Bupe

Ninyi munaoshika funguo za depo leo, na ninyi manesi wadogo munaopokea masanduku bila kuyafungua, kaeni kidogo tuongee. Mimi ni Mama Sifa. Nilitunza depo ya vifaa vya dripu kwa kliniki ndogo za ukingo wa ziwa, kuanzia Nchelenge mpaka kambi za wavuvi upande wa Mununga, hadi nilipostaafu mwisho wa mwaka jana. Mumeniomba niandike namna ya kuchagua vifaa. Nitaandika. Lakini katikati ya mambo ya mipira na sindano kuna jambo la nesi Bupe, ambaye wengi wenu mumesikia ikisemwa kwamba mikono yake haijui mushipa. Neno lile lilimufanya asimuchome mutoto hata mumoja kwa miaka mitatu. Lilikuwa neno la uongo, na mutu aliyejua ni uongo nilikuwa mimi. Musiruke kurasa mukitafuta hapo tu, maana hamutaelewa lilitokea wapi.

Nilizaliwa ngambo ile, Congo, na nilisomea unesi kule kabla vita havijatuvukisha. Kwetu nesi anaandika karatasi, jamaa ya mugonjwa wanakimbia famasi, wanarudi na kila kitu ndani ya mufuko: serumu, yaani maji ya dripu, mupira wa kupitishia serumu, glavu, sparadra, ile plasta ya kubandikia. Hospitali inatoa kitanda, na godoro ukiwa na bahati. Basi nilipofika huku, nikapewa kiwanja Mantapala, kwenye makazi ya wakimbizi, kisha kazi ya kusaidia depo, nikaandika komande yangu ya kwanza, yaani oda ya vifaa, kwa mwandiko muzuri kabisa. Serumu, katoni kwa katoni. Kanula, ile sindano ya plastiki inayobaki ndani ya mushipa, nayo kwa wingi. Mipira sikuandika hata mumoja. Kichwani mwangu mupira ulikuwa kazi ya mama mukwe wa mugonjwa.

Muzigo ukafika. Ba Mwape, muzee Muzambia aliyekuwa mukubwa wa depo, akayazunguka masanduku mara mbili.

"Mama Sifa, mipira iko wapi?"

"Mipira gani, ba Mwape?"

"Ya kutoa maji kwa mufuko kupeleka kwa mutu, mukwai."

"Si jamaa yake watanunua?"

Aliketi juu ya katoni, akacheka mpaka akakohoa. "Awe, mama! Sasa maji yote haya, tutamwagilia maboga?" Halafu kicheko kikamwisha, kwa sababu wodi ilikuwa na watoto wenye kuhara na hatukuwa na njia ya kuwapitishia serumu. Alipanda baiskeli mwenyewe, akaenda kuomba mipira kwenye kliniki za jirani. Mimi nilibaki pale nikitamani ardhi ipasuke inimeze.

Aliporudi hakunigombeza. Alinipa karatasi nyeupe akasema, "Usianze na vitu. Mulaze mugonjwa hapa." Nikamwangalia. Akaniambia nifumbe macho, nimulaze mutu kwenye ile karatasi, halafu nifuate maji kutoka juu mpaka chini na kuandika kila kitu yanachogusa. Kitu cha kutundikia. Serumu yenyewe. Mupira. Kanula. Pamba na spiriti ya kusafishia ngozi. Kamba ya kufungia mukono ili mushipa uinuke. Sparadra. Glavu za nesi. Sanduku la kutupia sindano ili mufagiaji asijichome. Nilifanya vile kila komande mpaka siku yangu ya mwisho, na ninyi fanyeni vile, hata kama kompyuta imewapa orodha tayari. Kompyuta haijawahi kulazwa.

Bon. Sparadra. Munacheka, munasema hiyo nayo ni kitu cha kuandikia? Ngojeni. Mwaka mumoja nilichagua sparadra ya karatasi, laini, inabanduka bila kuumiza. Deponi niliijaribu kwenye mukono wangu, ikashika vizuri. Kufika kambi za wavuvi, hakuna iliyoshika. Kumbe wale akina mama wanapasua samaki tangu asubuhi, mafuta ya samaki yameingia kwenye ngozi mpaka kwenye viwiko, na jasho juu yake. Kanula zilikuwa zinateleza na kutoka zenyewe. Nesi mumoja alinitumia ujumbe kwa simu: "Mama, sparadra yako inaogopa samaki." Tangu hapo niliagiza ya kitambaa, na nikawaambia manesi waoshe mukono wa mugonjwa kwa sabuni, waupanguse, kisha spiriti, waache ikauke kabisa, ndipo wachome na kubandika. Muwe munajaribu kitu kwenye mukono wa yule atakayekivaa.

Rangi za kanula munazijua, lakini kujua si kuagiza. Ya njano na ya bluu ni nyembamba, za watoto. Ya kijani na ya kijivu ni nene, na mutu muzima mwenye kolera anataka hizo, maana maji yamemutoka kwa ndoo na lazima yarudi mbio. Depo nyingi nilizotembelea zilikuwa na milima ya rangi ya waridi, ya katikati, kwa sababu mwagizaji aliona inafaa wote. Ni nyembamba kwa mwenye kolera, na ni nene kwa kachanga. Ulizeni wodi ni nani wanaolazwa humo.

Na wauzaji! Bwana mumoja alikuja kutoka mujini na mashine ya kuhesabu matone, ina taa ya kijani na nyekundu, inalia ti-ti-ti serumu ikikwisha. Alivaa tai kwenye joto lile. Nikamwuliza umeme ukikatika itakuwaje. Akasema ina betri. Betri inadumu saa ngapi? Akanitajia. Nikamwambia huku umeme ukienda unaweza kwenda kabisa. Nikamwuliza tena, mupira wake? Akatabasamu: mashine inakubali mupira wake tu, na mupira wake unapatikana kwake tu. Nikamupa soda, nikamusindikiza mpaka kwenye gari lake. Sisemi mashine ni mbaya. Hospitali kubwa yenye fundi na jenereta inaihitaji sana. Kwetu ingekaa kwenye kona na kitambaa juu yake, tukiwaonyesha wageni.

Sasa niwaambie kitu kimoja Ba Mwape alichokuwa anafanya, ambacho kiliniudhi. Kila muzigo mupya ukifika, alichukua serumu moja na mupira mumoja, akavitundika kwenye musumari pale mulangoni, akaachia maji yaingie kwenye ndoo. Alihesabu matone kwa saa yake ya mukononi, akalinganisha na kilichoandikwa kwenye pakiti, maana mipira mingine matone ishirini ndiyo mililita moja, na ile ya watoto wadogo ni matone sitini, na ukichanganya unaua. Lakini hakuishia hapo. Alikaa mpaka maji yaishe yote. Yote! Mimi nasimama pale na kazi kumi, yeye anaangalia tone. Nilisema moyoni, muzee huyu anamwaga mali ya watu. Mara moja nikamwambia kwa sauti. Akajibu, "Mama, mwanzo wa maji hauna shida. Kila kitu inatoka vizuri mwanzo."

Alipostaafu alikwenda kulima mihogo yake, na mimi nikapewa funguo. Nilikuwa mukimbizi wa kwanza kuzishika. Watu wa Mantapala walinipongeza kanisani, wakanisimamisha mbele. Nakumbuka kuona haya na kujisikia mukubwa kwa wakati mumoja.

Wakati ule serumu zetu zilikuwa za mifuko laini. Kuzipeleka kambini tulitumia boti za wafanyabiashara wa samaki, kwa sababu ndizo zilizokuwepo. Na munajua boti zile: katoni chini, magunia ya samaki kavu juu, na kambale mukavu ana mwiba unaotoboa gunia, katoni na mufuko wa serumu bila kuomba ruhusa. Muzigo ulikuwa unafika umelowa. Nilipigana na wenye boti, nikawafundisha manesi kukamua kila mufuko kwa mikono miwili kabla ya kuutundika ili kuona kama unavuja. Nikachoka. Ndipo nikaona kwenye orodha ya muuzaji chupa ngumu za plastiki, maji yaleyale. Nikaagiza hizo, nikajiona nina akili kuwapita wote.

Sikilizeni vizuri hapa. Mufuko laini maji yakitoka unanywea, hauhitaji kitu. Chupa ngumu hainywei hivyo. Maji yakitoka, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake. Pindueni bido, lile dumu la mafuta ya kula, mutaona inavyokoroma ikitafuta pumzi. Kwa hiyo chupa ngumu inataka mupira wenye katundu ka hewa, kenye chujio na kifuniko chake. Mipira tuliyokuwa nayo deponi ilikuwa ya mifuko, haina katundu. Ukiitia kwenye chupa ngumu, maji yanashuka vizuri mwanzo, halafu chupa inajivuta ndani, matone yanapungua, yanasimama.

Mimi nilitundika chupa moja kwenye musumari wa Ba Mwape. Nikahesabu matone kumi. Yalishuka safi. Boti ilikuwa inangoja ukingoni Kashikishi, mwenye boti ananipigia simu kila dakika, na kule Mununga kolera ilikuwa imeingia na mvua. Nikatoa chupa kwenye musumari, nikapakia muzigo, nikaingia botini pamoja nao.

Nesi wa kambi ile alikuwa Bupe. Baba yake Mubemba wa Nchelenge, mama yake muuza samaki kutoka Pweto, kwa hiyo aliongea na kila mutu kwa lugha yake. Akina mama wenye watoto wachanga walikuwa wanasubiri zamu yake kusudi, wanasema tunamutaka ba sista wa vidole vyepesi. Aliona mushipa mahali wengine tuliona ngozi tu.

Tulifika saa tatu asubuhi, manesi wakaanza kutundika chupa mara moja. Mimi nilibaki ukingoni kushusha katoni. Ndani ya hema la wagonjwa alilazwa Mado, mufanyabiashara wa samaki kutoka ngambo, ana mutoto wa miezi sita aliyeshikwa na wifi yake. Macho yalikuwa yamezama. Ukivuta ngozi ya mukono inabaki imesimama. Bupe alimuchoma mara moja, maji yakashuka, akaenda kwa mwingine. Aliporudi matone yalikuwa yamesimama. Akanyoosha mukono wa Mado, akaangalia mupira kama umejikunja, wapi. Akafikiri mushipa umepasuka. Akatoa kanula, akachoma mukono wa pili, akaunganisha chupa ileile, maji hayakushuka. Akachoma tena. Wifi akaanza kupiga kelele: "Anajifunzia kwa mwili ya wifi yangu! Muitie mutu mwenye anajua kazi! Mutoto huyu nitamupeleka wapi?"

Nilisikia kelele nikaingia. Bupe alikuwa ametoa kanula ya tano, Mado haitikii tena jina lake. Mimi sikuangalia mukono. Niliangalia chupa. Ilikuwa imebonyea ubavuni, imejivuta ndani. Yesu wangu! Nilijua palepale.

Nikapangusa chupa juu kwa spiriti, nikatoboa kwa sindano safi, hewa ikaingia, maji yakaanza kutoka kwenye mupira. Musiige hiyo kama kawaida: tundu la sindano halina chujio, linaingiza uchafu, ni kitu cha siku mutu anakufa mbele yako. Mukubwa wa manesi, mwanamume mwenye umri, akaja akampata Mado mushipa wa muguu. Maji yakaingia mbio. Jua likiwa bado juu alifungua macho akamwulizia mutoto wake. Mimi nilikuwa nimekwenda chupa kwa chupa nikitoboa, nikisema kwa sauti, "Chupa hizi zinataka hewa, toboeni." Nilisema hivyo tu. Aliyezichagua sikumutaja.

Kuna kitu kimoja zaidi, na hiki ndicho nilichokificha. Juu ya sahani ya chuma kando ya Mado kulikuwa na kanula tano alizozitoa Bupe, pamoja na sindano zake. Nilizikusanya mimi kuzitupa. Zote tano zilikuwa na damu nyuma, kwenye kale kachumba ka sindano kanakoonyesha umeingia mushipani. Munaelewa, manesi? Mutu amekauka kwa kolera, mishipa imejificha, na yeye aliingia mara tano kwa tano. Mikono kama ile sijaiona tena. Maji hayakushuka kwa sababu chupa yangu ilikuwa imekaba. Nikazitia kwenye sanduku la sindano, nikafunga kifuniko.

Raporti ikaandikwa. Ilisema mugonjwa alicheleweshwa na nesi aliyechoma mara tano bila kupata mushipa, akaokolewa na mutunza depo aliyegundua hitilafu ya chupa. Ilisomwa mbele ya wote. Watu wakanipigia makofi. Bupe aliangalia mikono yake juu ya magoti. Nilikuwa na nafasi ya kusimama. Sikusimama. Nilifikiri: watasema munaona, tulimupa mukimbizi funguo. Nilifikiri watoto wa ndugu yangu waliokula kwa kazi ile. Hayo yote yalikuwa ya kweli, na bado nilikuwa muoga.

Komande iliyofuata niliandika mipira yenye katundu ka hewa, ambayo inafaa chupa ngumu na mufuko laini pia. Mukiweza kuchagua aina moja tu, chagueni hiyo. Nilirekebisha karatasi, Bupe nikamuacha vile. Yeye akaomba kazi ya kupima watoto uzito. Mutoto akihitaji dripu, anamwita mwenzake. Wadogo waliokuja nyuma wakarithi lile neno bila kujua lilikotoka.

Mado alikuja Kashikishi miezi michache baadaye, mutoto mugongoni, na kapu la samaki. "Aksanti, Mama Sifa. Banasema ni weye njo ulitoboa chupa. Bila weye huyu mutoto angekuwa yatima." Nikamwambia asante, Mungu ni mwema. Nikachukua samaki. Niliwapika, nikawala.

Wiki yangu ya mwisho walinifanyia mukutano wa kuniaga. Kulikuwa na keki. Wakasema niwape vijana neno. Bupe alikuwa amekaa karibu na mulango, ana mizani ya watoto miguuni. Nikasimama, nikaanza na Ba Mwape na maboga, wakacheka. Halafu nikawaambia kuhusu matone kumi. Nikawaambia nani alichagua chupa na nani hakungoja maji yaishe kwenye musumari. Nikawaambia kuhusu zile kanula.

Bupe akauliza, "Zote zilikuwa na damu?"

"Zote tano."

"Uliziona?"

"Nilizishika, mwanangu."

Akasema polepole, "Miaka mitatu, mama. Usiku naota ule mukono. Watoto wanalia wodini, mimi natoka nje ili nisiitwe. Na weye ulikuwa unanisalimia kila asubuhi." Nikaanza kumwomba musamaha, akainua mukono ninyamaze. Akabeba mizani yake akatoka. Nikabaki nimesimama mbele ya keki, na nililia, sitawaficha.

Raporti ya zamani imeandikwa upya, niliweka sahihi yangu. Nimeandika na haya ili kila aliyelirudia lile neno ajue alikuwa anarudia uongo wangu. Bupe hajanisalimia mpaka leo, na simulaumu. Tukikutana sokoni Kashikishi anapita upande wa pili.

Juzi waliniambia kwamba mutoto mumoja aliletwa kutoka Mantapala, miezi minne, amekauka, manesi wawili wameshindwa kumupata mushipa. Bupe akaweka mizani chini. Akanawa mikono, akachukua kanula ya njano, akamuchoma mara moja, na serumu ikashuka. Nilisikia kwa watu. Hakuna aliyekuja kuniita, na mimi sikustahili kuitwa.